Kitabu cha mafundi umeme kinageuka lini kuwa sheria?

Swali: *Habari za kazi, mtaalamu. Ninajenga hapa Gungu, Kigoma, nyumba ya vyumba sita vya kupangisha pamoja na fremu mbili za maduka upande wa barabarani. Fundi wa kwanza ameshapitisha paipu na nyaya, plasta bado. Hakuweka RCD (kifaa kinachokata umeme unapovuja) wala athi rodi (fimbo ya chuma inayozikwa ardhini), anasema athi watakuja nayo TANESCO. Fundi wa pili nilipomleta aangalie, akasema kazi hiyo haifai kwa sababu kanuni za IEE zinalazimisha vitu hivyo viwili. Wa kwanza akajibu kwamba hizo ni kanuni za Waingereza, si sheria ya Tanzania, na hakuna wa kunishtaki. Yupi yuko sahihi? Na nani hasa ana mamlaka ya kuninyima umeme au kunichukulia hatua? Mama mwenye nyumba, Gungu.*

Jibu:

Mama, fundi wa kwanza amesema jambo moja la kweli akalitumia kuhalalisha kazi mbovu. Fundi wa pili kazi anaijua, ila sababu aliyokupa siyo. Kinachowagonganisha ni neno "kanuni". Kwa Kiswahili neno hilo linabeba vitu viwili tofauti. Kuna kanuni za ufundi, yaani kitabu kilichoandikwa na wahandisi kueleza namna ya kutandaza nyaya kwa usalama. Halafu kuna Kanuni zinazotungwa chini ya sheria ya Bunge na kutangazwa katika Gazeti la Serikali. Kitabu cha kwanza hakimfungi mtu yeyote mpaka kitu cha pili kikiite, kwa jina au kwa maelezo. Ukishaona hapo, mengine yote yanafuata.

Tuanze na hao Waingereza wenyewe. Kitabu ambacho mafundi wetu wanakiita IEE kilianza mwaka 1882 kama masharti ya chama cha wahandisi wa umeme. Leo kinaitwa BS 7671, na toleo lake la 18 lilitoka mwaka 2018. Hata Uingereza kwenyewe kitabu hicho kinajieleza kuwa si sheria. Sheria yao ni nyingine: Kanuni za Umeme Kazini za mwaka 1989, na kwa nyumba za kuishi nchini England, sehemu P ya kanuni za ujenzi iliyoanza mwaka 2005. Sheria hizo zinasema tu kwamba umeme usihatarishe watu. Fundi aliyefuata kitabu ana ushahidi mzuri mahakamani kwamba alitimiza wajibu wake, na asiyekifuata ataeleza mwenyewe njia aliyotumia na kuthibitisha kwamba ilikuwa salama kiasi hicho hicho.

Mwaka 2020 walikwenda mbali zaidi kwa nyumba za kupangisha kama yako. Kanuni mpya za England ziliwataka wenye nyumba kukagua mfumo wa umeme angalau kila miaka mitano, na safari hiyo zikataja kitabu kwa jina na kwa toleo: la 18, la mwaka 2018. Hapo kitabu kiligeuka kuwa sheria kwa kundi hilo la nyumba. Faida ni kwamba kila mtu anajua kipimo ni kipi. Hasara ilijitokeza mwaka 2022 kitabu kilipofanyiwa marekebisho, kwa sababu sheria iliyotaja toleo la 2018 haisogei yenyewe. Hadi atokee mtu wa kuirekebisha, ufundi unakuwa mbele na sheria inabaki nyuma.

Marekani wanatumia njia hiyo ya kutaja toleo karibu kila mahali. Kitabu chao, NEC, kipo tangu 1897. Kinatolewa na NFPA, chama cha kinga ya moto ambacho si serikali, na toleo jipya hutoka kila baada ya miaka mitatu. Kila jimbo, na pengine kila mji, huamua kwa sheria yake ni toleo gani litumike na vipengele gani viondolewe au viongezwe. Ndiyo maana fundi akivuka mpaka wa jimbo anaweza kukuta kitabu ni kile kile lakini mwaka wa toleo ni mwingine. Afrika Kusini nao waliingiza kiwango chao cha utandazaji nyaya, SANS 10142-1, ndani ya kanuni za serikali za mwaka 2009, na nyumba inapouzwa ni lazima pawepo cheti cha kuonyesha kwamba umeme wake unakidhi kiwango hicho.

Hapa kwetu mnyororo uko hivi

Kwa Tanzania Bara, sheria mama ni Sheria ya Umeme ya mwaka 2008, Sura ya 131. (Zanzibar wana mdhibiti wao, ZURA, kwa hiyo ninayoyasema hapa si ya kule.) Pamoja nayo ipo Sheria ya EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, ya mwaka 2001, Sura ya 414. Bunge halikuandika ndani ya sheria hizo ukubwa wa waya wa soketi wala kina cha athi rodi, na lilifanya vyema. Mambo ya ufundi hubadilika haraka kuliko Bunge linavyoweza kukaa. Lilichofanya ni kumpa Waziri wa Nishati na EWURA uwezo wa kutunga Kanuni. Kanuni hizo hazina nguvu mpaka zichapishwe katika Gazeti la Serikali, ambako hupewa namba ya Tangazo la Serikali na mwaka wake.

Kwa hiyo mtu akikuambia "hii ni sheria", muulize ni Tangazo la Serikali namba ngapi la mwaka gani. Hapo hapo utajua kama anayokuambia yameandikwa mahali au ni mazoea ya ofisi.

Kanuni zinazokuhusu wewe moja kwa moja ni zile za EWURA za huduma za ufungaji mifumo ya umeme. Namna zilivyojengwa ndiyo inayojibu swali lako. Zimemlenga mtu kabla ya waya. Zinasema hakuna kufanya kazi ya ufungaji umeme bila leseni ya EWURA. Leseni hizo zina madaraja, kuanzia A, B, C na D, hadi W ya fundi wa nyaya na S ya kazi maalumu, na kila daraja lina mpaka wa kazi ambazo mwenye nalo anaruhusiwa kuzifanya. Mwenye leseni anawajibika kufanya kazi kwa viwango vinavyokubalika, kuipima, na kuithibitisha kwa saini yake.

Viwango hivyo vinatoka wapi? Kwanza kwa TBS, shirika letu la viwango, chini ya Sheria ya Viwango ya mwaka 2009. Hapa nako pana jambo ambalo wengi hawalijui: kiwango cha TBS kwa asili yake ni cha hiari, na kinakuwa cha lazima pale Waziri anapokitangaza hivyo katika Gazeti. Viwango vingi vya umeme vya TBS vinafuata vile vya shirika la kimataifa la IEC, lililoanzishwa London mwaka 1906. Na ufundi wenyewe, kuanzia VETA hadi vyuo vya juu, kwa miaka mingi umefundishwa kwa kitabu cha IEE. Kwa njia hiyo kitabu cha Waingereza kinaingia nyumbani kwako Gungu. Hakiingii kama amri ya kigeni. Kinaingia kama kipimo cha kazi nzuri ambacho mwenye leseni ya Tanzania anadaiwa na Kanuni za Tanzania. RCD na athi si mapambo ya fundi wa pili. Mkandarasi atakayesaini fomu yako bila kuwepo kwa vitu hivyo anaiweka leseni yake rehani.

Nieleze pia ugumu mmoja ambao ni halisi. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, lugha ya sheria zetu ni Kiswahili, na kazi ya kuzitafsiri ipo. Lakini viwango vya ufundi ambavyo sheria hizo zinavitegemea karibu vyote viko kwa Kiingereza, na vingi vinauzwa. Mwananchi anatakiwa kutii kitu ambacho hawezi kukisoma bila kukilipia. Hilo si haki, na linawapa nafasi watu wa kupotosha, kama ulivyokwisha kuona kwa fundi wako wa kwanza.

Nani anaweza kukunyima umeme

Mlango wa kwanza ni TANESCO. Unapoomba kuunganishwa, ombi linaambatana na fomu ya mkandarasi mwenye leseni inayothibitisha kwamba nyumba imetandazwa nyaya na kupimwa. Wanapokuja kukagua wana haki ya kukataa kufunga mita kama wanaona hatari. Umeme wao ukiunguza nyumba au kuua mtu, na wao wanaulizwa. Lakini ukaguzi wao ni mfupi. Wanaangalia mahali pa mita, boksi la breka, kama athi ipo, kama muhuri upo. Hawapandi darini kufuata kila waya. Usiichukue mita ya LUKU kama cheti kwamba nyumba yote ni salama.

Wakikukataa, omba sababu kwa maandishi na utaje ni kitu gani hasa kirekebishwe. Neno "haijakidhi vigezo" peke yake halikusaidii wewe wala fundi wako. Usiporidhika, nenda kwa meneja wa wilaya au mkoa, kisha EWURA. Ofisi yao ya Kanda ya Magharibi iko Tabora. Juu ya EWURA lipo Baraza la Ushindani, ambalo husikiliza rufaa dhidi ya maamuzi yao. Kwa suala la athi rodi hutafika huko. Lakini ni vizuri kujua kwamba anayekukatalia naye ana wa kumkagua.

Mlango wa pili ni EWURA yenyewe, na huu unamhusu zaidi fundi. Wanaweza kusimamisha au kufuta leseni, na anayefanya kazi bila leseni ametenda kosa la jinai. Hao ndio tunaowaita vishoka. Hawana ofisi kila kata. Wanategemea malalamiko, na asipolalamika mtu, kishoka anaendelea na nyumba inayofuata.

TBS wanashughulika na bidhaa, kuanzia mzigo unapokaguliwa nje ya nchi kabla ya kusafirishwa, na baadaye madukani. Halmashauri wanatoa kibali cha ujenzi. Kwa zile fremu mbili kuna wageni wengine wawili usiowaona kwa nyumba ya kuishi pekee. Mwenye duka akiajiri hata mtu mmoja, ile ni sehemu ya kazi, na OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, chini ya sheria ya mwaka 2003, wana mamlaka ya kukagua mfumo wa umeme na kutoa amri ya kurekebisha au kusimamisha matumizi. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, chini ya sheria ya mwaka 2007, nao wanakagua kinga ya moto kwenye majengo ya biashara.

Na ile kauli kwamba hakuna wa kukushtaki? Si kweli. Mpangaji akinaswa na umeme akafa, Kanuni ya Adhabu ina kosa la uzembe unaohatarisha maisha, na ndugu wa marehemu wanaweza kudai fidia mahakamani. Hakimu hatauliza kama BS 7671 ilipitishwa Dodoma. Atamsikiliza mtaalamu akieleza fundi makini angefanya nini, na mtaalamu huyo ataeleza yaliyomo kwenye kitabu kile kile.

Kwa nini vitu hivi viwili na si vingine

Nataka nikae kidogo hapa, kwa sababu kauli kwamba athi italetwa na TANESCO inaweza kuua. TANESCO wanazika athi ya transfoma yao. Ile inalinda mfumo wao. Athi ya nyumba ni kazi ya mkandarasi wako, nayo inazikwa kwenye kiwanja chako.

Chukua friji kwenye fremu mojawapo. Waya wa moto umechubuka ndani ukagusa bodi. Kama hakuna athi kabisa, bodi inabaki na volti 230 na inamngoja mtu mwenye miguu peku kwenye sakafu yenye maji. Sasa weka athi rodi nzuri yenye ukinzani wa omu 20, bila RCD. Gawanya 230 kwa 20, unapata ampea 11.5. Breka ya soketi ni ya ampea 20. Haioni tatizo lolote, hairuki, umeme unaendelea kumwagika ardhini na bodi ya friji bado ina moto. Kwa udongo wa kawaida, athi bila RCD haitoshi kurusha breka. Watu wengi waliokwisha kulipia athi wanadhani wamemaliza, na hapo ndipo wanapopotea.

Weka RCD ya miliampea 30. Inalinganisha umeme unaotoka na unaorudi, na tofauti ikifika kiasi hicho inakata. Kwa uvujaji mdogo inapaswa kukata ndani ya milisekunde 300, na kwa ule wa nguvu mara tano zaidi, ndani ya 40. Uvujaji ukifika tu kiasi hicho cha kukata, volti kwenye bodi ni 0.03 mara 20, yaani 0.6; ukiwa mkubwa, volti hupanda zaidi, ila kwa sehemu hiyo fupi ya sekunde kabla RCD haijakata. Kwa hesabu, uvujaji ukipanda taratibu, hata athi ya omu 1,600 ingeiwezesha RCD kukata kabla bodi haijazidi volti 50. Lakini usiridhike na namba hiyo. Athi inayopita omu 200 haiaminiki, kwa sababu inapanda na kushuka kwa majira. Pima wakati wa kiangazi, Julai au Agosti, udongo ukiwa mkavu. Athi iliyopimwa masika inadanganya. Kwenye miinuko yenye changarawe nyekundu na mwamba karibu, rodi moja ya mita 1.5 mara nyingi haitoshi. Zika mbili, au tatu, ziachane kwa umbali usiopungua urefu wa rodi moja, uziunganishe kwa waya wa kijani-njano wa milimita za mraba 16. Acha kishimo chenye mfuniko ili klampu iweze kukaguliwa, maana kutu ya kwenye klampu ndiyo inayokata athi kimya kimya.

RCD moja kwa nyumba nzima ni kosa jingine. Pasi ya mpangaji mmoja ikivuja, vyumba vyote sita vinaingia gizani. Siku ya tatu mtu anamwita kishoka airuke RCD kwa waya. Radi za Kigoma nazo huirusha. Gawa: RCD moja kwa vyumba vitatu, nyingine kwa vitatu, na kila fremu iwe na breka yake yenye RCD ndani. Friji la samaki la mpangaji wa duka halitaharibika kwa sababu ya pasi ya jirani.

Na RCD haikulindi na kila kitu. Mtu akishika waya wa moto kwa mkono mmoja na nyutro, yaani waya wa kurudisha umeme, kwa mwingine, haitajua.

Ufanye nini kabla ya plasta

Mwombe fundi wa kwanza leseni yake ya EWURA. Soma daraja, tarehe ya kuisha, na ulinganishe jina na kitambulisho. EWURA wana orodha ya wenye leseni kwenye tovuti yao, kwa hiyo huhitaji kumwamini kwa macho. Ikiwa utaomba umeme wa njia tatu (three-phase) kwa sababu ya fremu, hakikisha daraja lake linafika huko. Kama hana leseni na anakuambia kuna mtu wa kumgongea muhuri, jua kwamba huyo mwenye muhuri hajaiona nyumba, na karatasi atakayosaini inasema ameipima. Ni uongo ulioandikwa, na siku ya ajali utamkuta anakana.

Mpate mwenye leseni aje akague wakati paipu bado ziko wazi. Aangalie taa kama zimepewa waya wa milimita za mraba 1.5 na breka ya ampea 6 au 10, na soketi waya wa 2.5 na breka isiyozidi 20 kama waya unakwenda bila kurudi kwenye boksi la breka. Breka ya 32 juu ya waya mmoja wa 2.5 usiorudi ni chanzo cha moto. Waya unaungua ndani ya ukuta na breka imetulia. Jiko la umeme liwe na njia yake, waya wa 6 au zaidi. Kila breka iwe na maandishi ya namba 6000 ndani ya kiboksi, yaani uwezo wa kukata shoti ya ampea 6,000. Zamani Kigoma ilipotegemea jenereta za dizeli, shoti haikuwa na nguvu kubwa. Tangu umeme wa gridi uanze kuingia mkoani mwaka 2022 nguvu ya shoti nayo inapanda, na breka isiyo na alama inaweza kupasuka badala ya kukata.

Waya upimwe kabla ya kupitishwa, na kama umeshapitishwa, upimwe uliobaki kwenye roli. Shaba safi ya 2.5 ina ukinzani wa takriban omu 0.74 kwa mita 100, na ya 1.5 takriban 1.21. Ukipata omu 1.1 au 1.2 kwenye roli la mita 100 lililoandikwa 2.5, ama umeuziwa alumini iliyopakwa shaba, ama waya ni mwembamba kuliko maandishi yake. Rudisha dukani na risiti. Wakikataa, hilo ni la TBS.

Angalia rangi pia, kwa sababu hapa matoleo mawili ya kitabu yanakutana ndani ya ukuta mmoja. Kwa toleo la zamani, nyekundu ni moto na nyeusi ni nyutro. Kwa jipya, kahawia ni moto na bluu ni nyutro. Kwenye njia tatu mambo yanageuka kabisa: bluu ya zamani ilikuwa moto, na nyeusi ya sasa ni moto. Maduka yetu yanauza zote mbili. Chagua mfumo mmoja kwa nyumba nzima na uandikwe ndani ya mlango wa boksi la breka. Nyumba ya zamani yenye nyekundu na nyeusi haivunji sheria kwa sababu tu kitabu kimebadilika, maana kwa kawaida masharti mapya hayarudi nyuma. Lakini chumba kipya kinachoongezwa kinafuata kipimo cha siku kinapojengwa.

Baada ya plasta na kabla ya kuomba mita, vipimo vifanyike na viandikwe namba, isiwe alama ya vema tu. Kwanza waya wa athi, kama unafika kila soketi. Kisha mega ya volti 500, yaani kipimo cha kuona kama ganda la waya linavujisha umeme, nyutro na moto dhidi ya athi: chini ya megaomu 1 kuna tatizo, na mara nyingi ni msumari wa dari au maji ya plasta ndani ya kiboksi cha soketi. Kisha kama moto umekaa upande wa swichi. Athi rodi ipimwe omu zake. Umeme ukishawaka, RCD ijaribiwe kwa kipimo, mbali na kile kitufe chake. Kitufe utakibonyeza mwenyewe kila miezi mitatu hivi, na isiporuka, ibadilishwe. Chukua nakala ya fomu yenye namba hizo na saini. Ukija kumdai mtu, karatasi hiyo ndiyo itakayokusemea.

Baada ya mita kufungwa, hakuna ofisi itakayokurudia nyumbani kwa ratiba. Fremu inaweza kukaguliwa na OSHA, vyumba hapana. Mpangaji ataunga soketi ya pili kwa waya wa spika, mwingine ataleta jiko la koili kwenye njia ya taa. Andika kwenye mkataba wa kupanga kwamba hakuna kuongeza waya bila idhini yako, na umwite mwenye leseni akague upya kila miaka mitano au chumba kinapobadilika matumizi, kwa mfano kutoka kulala kwenda saluni.

Kuhusu fundi wako wa kwanza: kama leseni anayo, mpe nafasi ya kurekebisha kwa gharama yake, na umlipe sehemu ya mwisho baada ya kukabidhiwa vipimo. Kama hana, mlipe vifaa tu ambavyo vimepimwa vikafaa, umkabidhi kazi mwenye leseni, na upeleke taarifa EWURA Tabora ukiwa na picha za kazi kabla plasta haijaifunika.